Programu nafuu ya kuchora ramani: jinsi ya kuhama bila kupoteza michoro yako

Pita Kondele, Kibuye au Mamboleo siku yoyote ya kazi na hutakosa kuona kibao kinachosema ramani za nyumba huchorwa hapa. Ndani kuna chumba kimoja, laptopu mbili, printa na rundo la karatasi zilizoviringishwa. Wengine huchora nyumba za familia, wengine makabati ya jikoni na kaunta za maduka, na wengine hubuni maua ya chuma yanayopamba mageti. Wote hutegemea programu ya kompyuta ya kuchorea, na kwa wengi wao gharama ya programu hiyo imekuwa kama kodi ya chumba cha pili.

Makala haya yanaeleza kwa nini gharama hiyo imepanda, ni programu zipi za bei nafuu zinazoweza kufanya kazi hiyo, na jinsi ya kuhama bila kukwama katikati ya kazi ya mteja. Ikiwa wewe si mchoraji bali ni mkazi anayelipia ramani ya nyumba yake, sehemu yako iko karibu na mwisho. Usiiruke.

Kwa nini programu imekuwa ghali

Programu ya kuchorea inayojulikana zaidi hapa kwetu ni AutoCAD ya kampuni ya Autodesk kutoka Marekani. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1982. Kwa miaka mingi ofisi ilinunua leseni mara moja na kuitumia hadi kompyuta ilipochakaa. Mwaka wa 2016 kampuni hiyo iliacha kuuza leseni mpya za kudumu za AutoCAD. Tangu hapo mtumiaji mpya hukodi, kwa mwezi au kwa mwaka. Kodi ikikoma, programu hujifunga, hata kama michoro yote iliyo ndani ya laptopu ni yako.

Jambo la pili ni dola. Nchini Marekani AutoCAD kamili hukodishwa kwa karibu dola 2,000 kwa mwaka, na toleo dogo la AutoCAD LT, ambalo huchora mistari bapa pekee, kwa karibu dola 500. Bei ya hapa Kenya huulizwa kwa wakala, lakini mwendo wake hufuata dola. Chukua dola 500 zile zile. Mwanzoni mwa mwaka wa 2022, dola moja ilipokuwa karibu Sh113, zilikuwa Sh56,500. Januari 2024, dola ilipofika karibu Sh160, zilikuwa Sh80,000. Tangu katikati ya mwaka wa 2024, dola ilipotulia karibu na Sh129, ni Sh64,500. Mchoraji wa Kisumu hakubadilisha chochote katika kazi yake wala wateja wake hawakuongezeka, lakini gharama ilipanda na kushuka kwa maelfu ya shilingi. Ongeza hapo ushuru wa VAT wa asilimia 16. Ofisi ndogo ambayo haijasajiliwa kwa VAT haiwezi kuudai urudishwe.

Njia ya mkato inayogharimu zaidi

Kwa sababu hiyo, wengi hutumia nakala zilizovunjwa kufuli, zile zinazopitishwa kwa flashi kutoka rafiki hadi rafiki. Tuseme wazi: hilo ni kosa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo inayosimamia utekelezaji wake.

Lakini weka sheria kando kidogo ufikirie biashara yako. Nakala kama hizo mara nyingi humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi kabla ya kuzisakinisha. Anayezima kinga amefungua mlango. Mwaka wa 2012 wataalamu wa usalama wa kompyuta waligundua kirusi kilichoitwa ACAD/Medre.A, kilichoenea zaidi nchini Peru. Kirusi hicho kilinakili michoro ya AutoCAD kutoka kwa kompyuta za watu na kuituma kwa barua pepe hadi Uchina. Maelfu ya michoro yaliibwa, na wenyewe walikuwa wakiendelea na kazi bila kujua lolote. Ofisi inayohifadhi ramani za nyumba za watu, zenye milango, madirisha na mahali pa kuweka sefu, haiwezi kuchezea jambo hilo.

Kuna kosa jingine ambalo vijana hulifanya bila nia mbaya. Autodesk huwapa wanafunzi na walimu leseni ya bure ya masomo. Kijana anamaliza chuo, anafungua ofisi, na anaendelea kutumia leseni ile ile kumchorea mteja anayelipa. Leseni ya masomo hairuhusu kazi ya malipo. Ukishaanza kutoa risiti, tafuta leseni nyingine au programu nyingine.

Programu zilizopo, kwa makundi matatu

Kundi la kwanza ni programu za kulipia zinazofanana sana na AutoCAD lakini kwa bei ya chini. Miongoni mwake ni BricsCAD kutoka Ubelgiji, ZWCAD na GstarCAD kutoka Uchina, na progeCAD kutoka Italia. Amri zake nyingi ni zile zile, vidole vyako vitazikumbuka. Hufungua na kuhifadhi faili za DWG moja kwa moja. Faida yake kubwa ni kwamba bado unaweza kununua leseni ya kudumu, ukalipa mara moja. Ukitaka matoleo mapya baadaye, utayalipia, lakini hulazimiki.

Kundi la pili ni programu huria. Hizi ni programu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia bila malipo, hata kwa kazi ya biashara, na msimbo wake uko wazi kwa umma. LibreCAD huchora mistari bapa: ramani ya sakafu, sura ya nyumba kwa mbele, mkato wa msingi, mchoro wa geti. Inafanya kazi hata kwenye laptopu kuukuu. QCAD ni ndugu yake, kwani LibreCAD ilizaliwa kutokana na toleo huria la QCAD. QCAD pia ina toleo la kulipia ambalo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na AutoCAD. FreeCAD hujenga maumbo yenye kimo na upana, na inawafaa wanaobuni samani, mashine na vipuri. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Anayepanga vyumba na samani za ndani anaweza kutumia Sweet Home 3D, na anayechora mahali kiwanja kilipo kwenye ramani ya eneo anaweza kutumia QGIS.

Kundi la tatu ni programu za bure ambazo si huria. Hapa tahadhari inahitajika. DraftSight ya kampuni ya Dassault Systèmes ya Ufaransa ilitolewa bure kwa miaka mingi, na watu wengi duniani wakajenga ofisi zao juu yake. Kisha kampuni ikatangaza kwamba toleo la bure lingeacha kufanya kazi baada ya tarehe 31 Desemba 2019. Aliyetaka kuendelea alilazimika kulipa. Cha bure cha mwenyewe, mwenyewe akikihitaji hukichukua. Programu huria haichukuliwi hivyo, kwa sababu nakala uliyo nayo ina ruhusa ya kudumu.

Mali yako ni michoro

Mtu akifikiria kuhama, huanza kuuliza juu ya bei. Swali la kwanza lingefaa kuwa: je, michoro yangu ya zamani itafunguka? Ofisi iliyofanya kazi miaka sita ina mamia ya michoro. Mteja wa mwaka juzi atarudi akitaka kuongeza chumba cha wageni. Usipoweza kufungua mchoro wake, utaanza upya, tena bure.

Ziko aina tatu za faili unazopaswa kuzielewa. DWG ni aina ya Autodesk yenyewe. Maelezo yake ya ndani hayakuchapishwa kwa umma, ndiyo maana programu nyingine huisoma kwa viwango tofauti. Muungano wa kampuni unaoitwa Open Design Alliance, ulioanzishwa mwaka wa 1998, ndio uliotengeneza zana ambazo programu nyingi za kundi la kwanza hutumia kuisoma DWG. DXF ni aina ya kubadilishana. Maelezo yake yalichapishwa, na karibu kila programu ya kuchora huielewa, pamoja na mashine za kukatia chuma na mbao zinazoongozwa na kompyuta. PDF ni ya kusoma na kuchapisha. Ni kama picha ya mchoro, na si rahisi kuihariri.

LibreCAD hufungua DXF vizuri, lakini DWG huifungua kwa shida, na wakati mwingine baadhi ya vitu hupotea. Huhifadhi kwa DXF. Kwa hiyo anayehamia huko anahitaji kigeuzi. ODA File Converter ya muungano tuliotaja hupatikana bila malipo na hugeuza folda nzima ya DWG kuwa DXF, na kinyume chake. Autodesk nayo hutoa DWG TrueView bila malipo, ambayo hufungua DWG kwa kuisoma, kuichapisha na kuibadilisha iwe toleo la zamani zaidi.

Hesabu ya ofisi ndogo

Tuchukue mfano wa ofisi ya wachoraji wawili wanaokodi AutoCAD LT. Kwa dola 500 kila mmoja na Sh129 kwa dola, ni Sh129,000 kwa mwaka kabla ya VAT.

Kuhamia LibreCAD hakugharimu leseni, lakini kunagharimu muda. Tuseme mchoraji hulipwa Sh1,500 kwa siku, na kwa wiki 3 za kwanza anafanya kazi kwa nusu ya kasi yake. Hizo ni siku 18 za kazi, na siku 9 zimepotea. Kwa mchoraji mmoja ni Sh13,500, na kwa wawili Sh27,000. Weka Sh10,000 nyingine za intaneti, diski ya kuhifadhia nakala na karatasi za majaribio. Jumla ni Sh37,000. Mwaka wa kwanza ofisi inaokoa Sh92,000, na miaka inayofuata Sh129,000.

Badilisha namba hizo uweke zako. Anayeona kwamba wafanyakazi wake watachukua miezi mitatu kuzoea, au kwamba kazi mbili kubwa zitachelewa, anaweza kugundua kwamba programu ya kundi la kwanza, ingawa inalipiwa, ndiyo nafuu kwake.

Hatua sita za kuhama

Kwanza, orodhesha kazi za miezi 12 iliyopita. Ngapi zilikuwa ramani bapa? Ngapi zilihitaji picha ya nyumba yenye kimo? Ngapi zilitumwa kwa mhandisi au mkadiriaji? Orodha hiyo ndiyo itakayokuchagulia programu, si matangazo.

Pili, kabla kodi ya programu yako haijaisha, fungua kila mchoro muhimu na uuhifadhi mara tatu: DWG ya toleo la 2010 au 2013, DXF, na PDF. Weka nakala kwenye diski mbili, moja ikae nje ya ofisi. Wezi, moto na mafuriko ya Nyando hayabagui. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu programu ikishajifunga mlango umefungwa na funguo ziko ndani.

Tatu, jaribu kwa mchoro uliokwisha kujengwa, usijaribu kwa kazi mpya. Ufungue katika programu mpya na ulinganishe na PDF ya zamani. Angalia maandishi, vipimo, mistari ya kujazia kuta, na leya. Angalia kipimo cha msingi pia: programu ikisoma inchi badala ya milimita, chumba cha mita 3 kitageuka kuwa cha mita 76.2. Kosa kubwa kama hilo huonekana upesi. Hatari zaidi ni yale madogo, kama kipimo kimoja kilichofutika au mlango uliohama.

Nne, chapisha karatasi moja na uipime kwa rula. Katika skeli ya 1:100, ukuta wa mita 10 unapaswa kuwa sentimita 10 kamili kwenye karatasi. Usipopata hivyo, mara nyingi tatizo liko kwa aliyechapisha, aliyechagua mchoro utoshee karatasi badala ya kuuacha kwa asilimia 100. Mweleze mwenye plota kabla hajaanza.

Tano, zungumza na unaoshirikiana nao. Mhandisi wako anapokea DXF? Anataka DWG ya toleo gani? Fundi wa mashine ya kukata chuma anataka mistari iliyofungwa bila mapengo? Simu ya dakika tano leo ni bora kuliko faili kurudishwa siku ya mwisho.

Sita, endesha programu zote mbili kwa kazi moja au mbili ndogo, kisha weka tarehe ya kuacha ile ya zamani. Katika muda huo tengeneza karatasi ya mfano yenye jina la ofisi, leya zako na unene wa mistari, ili kila mchoro mpya uanze pale. Asiyeweka tarehe hulipia mbili.

Nani asiharakishe kuhama

Kuna wanaofaa kubaki walipo. Ofisi inayoshirikiana kila siku na kampuni kubwa zinazotumia Revit, ambapo nyumba nzima hujengwa ndani ya kompyuta pamoja na mabomba na nyaya, haitapata mbadala rahisi. LibreCAD nayo haina njia ya kupanga kurasa kadhaa za kuchapisha kutoka kwa mchoro mmoja kama AutoCAD, na haiungi mchoro mmoja ndani ya mwingine ili ubadilike wenyewe. Kwa nyumba ya vyumba vitatu hilo huvumilika. Kwa jengo la orofa sita lenye karatasi 40 litakuchosha.

Wengine hunufaika kwa njia ambayo bei haionyeshi. Leseni ya kukodi ya Autodesk hutaka kompyuta iunganishwe na intaneti angalau mara moja kila siku 30 ili ithibitishwe. Mchoraji aliye Nyakach au Seme, mahali mtandao unapokuja na kuondoka, hataulizwa hilo na LibreCAD wala FreeCAD.

Programu haibadilishi sheria ya ujenzi

Baadhi ya wakazi huuliza kama ramani iliyochorwa kwa programu ya bure itakubaliwa. Kinachochunguzwa ni mchoro na aliyeutia sahihi, si programu. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019, ruhusa ya kuendeleza kiwanja hutolewa na serikali ya kaunti. Ramani iwe na skeli, vipimo vinavyosomeka, mahali kiwanja kilipo, na sahihi na muhuri wa mtaalamu aliyesajiliwa. Wasanifu majengo husajiliwa na bodi ya BORAQS, na wahandisi na bodi ya EBK. Mchoraji asiyesajiliwa anaweza kuchora chini ya usimamizi wa mtaalamu, lakini hakuna programu, ya bei yoyote ile, inayomgeuza kuwa msanifu. Mradi nao husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA.

Kwa mkazi anayelipia ramani

Ukilipia ramani, usiondoke na karatasi pekee. Kubaliana na mchoraji kabla ya kulipa malipo ya kwanza kwamba mwisho wa kazi atakupa vitu vitatu: karatasi zilizotiwa sahihi, PDF, na DXF au DWG. Andikeni hilo katika makubaliano. Miaka minane ijayo utataka kuongeza chumba au kubadilisha choo. Mchoraji huenda amehamia Nakuru, laptopu yake imeibwa au leseni yake imekwisha. Ukiwa na faili zako, mchoraji mwingine ataendelea pale alipoachia mwenzake. Usipokuwa nazo, utalipa kupimiwa nyumba upya kuanzia mlango wa mbele.

Zihifadhi mahali pawili: kwenye flashi nyumbani, na kwenye barua pepe yako mwenyewe au ya mwanao. Na mfundishe fundi wako asipime kwa rula juu ya karatasi akajenga. Asome vipimo vilivyoandikwa, na kisipoonekana kipimo apige simu kuuliza. Karatasi hunyooka na kukunjamana, na mashine za kuchapisha hukosea.

Ofisi inayotaka kuanza wiki hii haihitaji kununua chochote. Ichukue mchoro mmoja wa nyumba iliyokwisha kujengwa, iuhifadhi kwa DXF, ipakue LibreCAD au toleo la majaribio la programu ya kundi la kwanza, iufungue, iuchapishe na iupime kwa rula. Jioni hiyo hiyo itajua kama ukuta wa mita 10 bado ni wa mita 10.